Matone Uliyahesabu Sawa

Mwanangu Zuhura,

Umetoka na shangazi yako kwenda Ngamiani kutafuta tranka, na kwa jinsi shangazi yako anavyobishana bei mpaka muuzaji amwombe radhi, najua hamtarudi kabla ya alasiri kuisha. Nimekaa mezani ukumbini, nimezisukuma kando sabuni zako na zile soksi nyeupe, naandika. Habari za sweta, za dawa ya meno, za kutomwazima mtu ndoo, shangazi yako keshakuambia, atakuambia tena njiani, na kesho atalikimbilia basi akikuambia mara ya tatu. Sina la kuongeza hapo.

Nina jambo moja tu. Nataka ulisome leo, ukiwa bado ndani ya nyumba hii, ili ukitaka kunifokea unifokee usoni. Ningeweza kuificha barua hii chini ya nguo zako uikute bwenini. Niliwaza hivyo, nikaona kinyaa. Ingekuwa ni kukutupia uchafu kisha nikufungie mlango.

Siku ile ya wageni shambani, ulipokuwa kidato cha tatu, hukukosea kuhesabu. Juisi ya nyanya niliibadilisha mimi. Ya bibi yako niliitia kwenye chupa ya shamba darasa, na ya shamba darasa nikaitia kwenye chupa ya bibi yako. Nilifanya kwa mikono yangu, nikiwa na akili zangu timamu, huku wewe umesimama nje unapiga pasi shati la shule.

Soma tena hapo kama umedhani hukuelewa. Halafu endelea.

Unajua nilikuzaa nina miaka kumi na nane. Usichojua ni jinsi nilivyoisikia ile miaka iliyofuata. Kila nilipopita kisimani palikuwa na mtu wa kuniambia, kwa upole kabisa, kwamba bahati haikuwa yangu. Upole ule ulinitia hasira kuliko matusi. Nilisoma usiku na mchana nikafanya mtihani kama mtahiniwa wa kujitegemea, wewe umelala mgongoni. Nikaenda stashahada, nikaenda shahada, bibi yako akakulea. Niliporudi hapa Tongoni na mkataba wa ule mradi wa lishe, watu walewale waliniita bibi shamba, na nikawaitikia kama niliyezaliwa na jina hilo. Nilikuwa na kiu ya kuitwa hivyo. Ukiwa na kiu ya namna ile, unakunywa chochote.

Mradi ulikuwa mwema. Zahanati ilikuwa inawaambia wajawazito wale mchicha na maharage kwa ajili ya damu, na ikawaambia waweke nyanya mbichi pembeni, kachumbari, kwa sababu vitamini C ndiyo inayousaidia mwili kuyapokea madini ya chuma yaliyomo kwenye majani na kunde. Bila hiyo, mengi yanapita tu. Kwa hiyo kikundi cha Mama Saumu kikalima nyanya, mimi nikiwafundisha katika shamba darasa, robo eka ile nyuma ya msikiti. Nyanya zile hazikuwa za kuuza tu. Zilitakiwa ziwe na kitu ndani.

Mradi ukatuletea mbegu na mifuko ya urea. Urea tu. Hapakuwa na mbolea yenye potasiamu, na sikuomba.

Sasa nikuambie ninachokijua, maana nilikijua wakati ule ule. Nilikiandika kwenye mtihani chuoni na nikapata alama zote. Mnyanya ukilishwa naitrojeni kupita haja, unakimbilia majani. Majani yanakuwa mapana, meusi kwa ukijani, yanafunika matunda kama shuka. Tunda lililokaa kivulini halitengenezi vitamini C kama tunda linalopigwa na jua. Ukiongeza maji mengi asubuhi na jioni, tunda linavimba, na kilichomo ndani kinazimuliwa. Potasiamu ikikosekana, hali inazidi kuwa mbaya. Ukilichuma lingali kijani ili livumilie safari, likaivie ndani ya tenga, mara nyingi halifikii lile lililoachwa liwive kwenye mti wake. Si siri. Ni mambo ya kurasa mbili za daftari.

Na mimi nilimwaga urea mara ya tatu, juma moja kabla ya wale wageni wafadhili wa mradi, wakati mimea haikuwa na haja nayo hata chembe. Kwa nini? Kwa sababu wageni hawaonji. Wageni wanashuka kwenye gari, wanasimama kwenye tuta, wanatazama. Na jicho la mgeni linapenda ukijani. Asubuhi ile baada ya kumwagilia, shamba lilitoa harufu ya choo cha stendi, na mimi nimesimama katikati yake naona fahari.

Bibi yako upande wake alikuwa na mashina tisa nyuma ya jiko, pembeni ya kile kisima chenye maji ya chumvichumvi, ambacho ukifulia sabuni haitoi povu. Tungule zake, maana yeye hazijui kwa jina jingine, zilikuwa ndogo, zimepasuka mabegani, chachu. Alizitilia majivu na samadi ya mbuzi. Alizipunguza majani ya chini kwa kucha, akisema jua lazima lilione tunda. Sitaki kumfanya mjuzi, bibi yako. Hakununua mbolea kwa sababu ni bahili, na aliapa kwamba maji ya kuoshea samaki yanafukuza nzi kwenye tungule, wakati yalicholeta ni paka wa mtaa mzima. Lakini ile chumvi kidogo ya kisima, lile jua, yale majivu yenye potasiamu, vyote vilikuwa vinafanya kazi ambayo mimi nililipiwa kuifanya na sikuifanya. Tunda lake lilikuwa dogo kwa sababu halikujazwa maji. Lilichokuwa nacho kilikuwa chake.

Kisha ukaja wewe na bomba lako la sindano.

Nakumbuka ulivyoingia mbio, hujavua viatu. Mwalimu Joeli wa kemia alikuwa amewaambia mpime kitu cha nyumbani, na ukaamua kupima nyanya zetu. Ukanieleza kana kwamba mimi ndiye mwanafunzi: unatia maji ya wanga kwenye juisi, unadondosha iodini tone moja moja, vitamini C ikiwepo inaila rangi, ikiisha, rangi ya buluu-nyeusi inabaki. Matone mengi, vitamini nyingi.

"Mama, za bibi zimeshinda! Za bibi ishirini na mbili, za darasa kumi na tatu!"

"Umehesabu vizuri?"

"Mara tatu, mama. Siku tatu tofauti."

"Rudia tena. Una hakika?"

Ulinitazama. Furaha yako ilishuka kidogo, kama moto uliopunguziwa kuni. Mwanangu, dhambi ilianzia hapo, kabla ya chupa. Nilijua umepata sawa. Nilijua na sababu zake. Nilikuuliza kama una hakika kwa sababu mimi nilikuwa na hakika, na hakika ile iliniunguza kama nimemeza mafuta ya taa.

Nililojifunza hapo ni hili, na nilijifunza nikiwa upande wa mkosaji: ukiwa na jibu ulilolipata mara tatu, na mtu akakuuliza mara ya nne kama una hakika, mtazame kwanza huyo mtu anapoteza nini jibu lako likiwa kweli.

Mwalimu Joeli akafurahi, akataka uonyeshe jaribio mbele ya wageni. Hakujua anachokifanya. Aliona mtoto wa bibi shamba, shamba la bibi shamba, siku ya bibi shamba. Akadhani ananipa zawadi.

Siku ikafika. Unakumbuka vizuri kuliko mimi, lakini ngoja nikuonyeshe kutokea upande wangu. Wanawake wa kikundi walikuwa wamevaa kanga za sare. Wageni walikuwa wanane, na kila mmoja ananyoosha kidole kwenye nyanya: ile pale, angalia ile, kubwa ajabu. Bibi yako aliyefundisha kizazi kizima kwamba tunda changa halinyooshewi kidole, unalielekeza kwa ngumi, alikuwa ametema mate chini mara nne.

"Zitaoza zote hizi," akasema kwa sauti.

"Bi Kombo, nyamaza, wageni hao," Mama Saumu akamwambia.

"Wageni hawana mama zao? Hawakufunzwa?"

"Wamefunzwa kuandika hundi, Bi Kombo. Waache wanyooshe na miguu wakitaka."

Wanawake wakacheka mpaka wakajishika. Nami nikacheka, huku nikikwepa kukutazama, maana asubuhi ile ulikuwa umeniomba jambo.

Uliniambia, "Mama, nikamulie juisi wewe, mikono yangu inatetemeka."

Ulikuwa umeweka chupa mbili za jemu juu ya meza, umezibandika plasta, moja umeandika Bibi, nyingine umeandika Darasa. Pembeni kulikuwa na bakuli mbili za nyanya na kitambaa safi cha kuchujia. Ukatoka kwenda kupiga pasi. Nilikamua nyanya za bibi yako kwanza. Nikaishika chupa yake mkononi kitambo. Hakuna shetani aliyekuja, Zuhura. Hakuna sauti. Palikuwa na mkono tu, na mkono ukaiweka chini ukachukua ile nyingine.

Uliporudi ulizitazama chupa, ukainyanyua iliyoandikwa Bibi, ukaielekeza dirishani.

"Mbona ya bibi leo imepauka?"

"Ndivyo zilivyo," nikakujibu. "Zimechoka na jua."

Ukaamini. Ulikuwa na macho yanayoona, na mama yako akakuambia usiyaamini.

Mbele ya watu ulidondosha polepole, midomo inahesabu. Chupa ya bibi yako ikageuka buluu mapema. Ukasita. Ukaitikisa. Nilikuona ukinitafuta kwa macho kwenye umati, na nikajifanya namwelekeza mgeni pa kukanyaga. Chupa ya darasa ikaendelea kunywa iodini, tone kwa tone, mpaka wageni wakaanza kuhesabu pamoja nawe kwa sauti. Wakapiga makofi. Na Mwalimu Joeli, ambaye alikuwa na daftari lako mkononi lenye majibu ya siku tatu, akasema ule utani wake:

"Zuhura, siku zile tatu ulikuwa unahesabu matone au mbuzi?"

Watu wakaangua kicheko. Nawe ukacheka. Uliinamisha kichwa ukacheka pamoja nao, kama adabu inavyotaka. Sijawahi kusikia sauti inayonichukiza kama ile, na haikuwa ya kwako. Ilikuwa yangu, nami nilikuwa nacheka.

Bibi yako hakucheka. Kesho yake aling'oa mashina yote tisa akayatupa kwa mbuzi. Nilimkuta anafagia.

"Umefanya nini, mama?"

"Yana faida gani? Miaka yote hii najidai tungule zangu ndizo zenye ladha. Ulimi ukizeeka humdanganya mwenyewe."

Nikamsaidia kufagia. Hebu fikiria mtu wa namna gani anashika ufagio katika hali ile.

Wewe ulichana kurasa zile kwenye daftari. Sikukuuliza. Ulipofika kidato cha nne alama zako za kemia zilikuwa nzuri kuliko zote, na ulipojaza fomu ya tahasusi ukaandika historia, Kiswahili na Kiingereza. Nilikukuta kwenye kizingiti umeiweka fomu magotini. Nikakuuliza, kwa sauti nyepesi, mbona huchukui sayansi.

"Mkono wangu hauaminiki, mama," ukasema. "Nikiwa peke yangu napata jibu moja, mbele za watu napata jingine. Nikija kuwa mfamasia nitaua mtu."

Hapo palikuwa mahali pa kusema. Mlango ulikuwa wazi, hapakuwa na mgeni, hapakuwa na mkataba wa kuokoa, tulikuwa wewe na mimi na kuku. Nikakuambia, "Kila mtu na kipaji chake, mwanangu."

Nimeyapima makosa yangu mengi, nikiyapanga na kuyapangua, na kila mara sentensi ile inakuja juu. Chupa nilizibadilisha kwa hofu, na hofu ni ya binadamu. Lakini sentensi ile niliitoa nikiwa nimetulia. Niliitoa kwa upole, upole uleule wa wale wanawake wa kisimani. Ninapoikumbuka nataka kuoga.

Sidharau hayo masomo uliyoyachagua. Ungeyapenda kwa moyo wako, ningekubebea vitabu. Ila hukuyachagua. Uliyakimbilia, na aliyekufukuza ni mimi.

Shamba lenyewe nalo lilinilipa. Baada ya siku ile kikundi kizima kikafuata njia yangu. Mama Saumu akawa ananisifu kila pahali: urea ya bibi shamba, nyanya kama ngumi ya mwanamume. Msimu uliofuata mvua zikazidi, na majani yale yaliyosongamana yakashika ukungu. Matunda yakatoka na vitako vyeusi, vilivyolegea. Ukigusa, kidole kinazama. Waliyarundika kando ya njia iendayo kwenye magofu, na jua likafanya kazi yake. Nilipita hapo kila asubuhi. Nzi walikuwa wanapaa kwa mpigo mmoja, kisha wanatua. Wanawake walisema wamekosea vipimo, wakaniomba msamaha. Waliniomba mimi msamaha! Nami nikawajibu, "Tutajitahidi zaidi msimu ujao."

Hata zile zilizopona nilizikata nyumbani peke yangu. Ndani kuna moyo mweupe, mgumu, na kuuzunguka maji matupu. Nilitafuna nikatema. Ilikuwa kama kutafuna sponji ya kuoshea vyombo.

Sasa usije ukadhani nalipamba kosa langu liwe kubwa ili lionekane na heshima. Sijui kama yuko mwanamke mjamzito aliyedhurika kwa sababu nyanya yake ilipungukiwa matone. Pengine hayuko. Nyanya yangu nayo ilikuwa na vitamini, si kwamba ilikuwa tupu; nao walikula malimau, walikula maembe. Nimelitazama hilo nikitafuta nafuu, na nimepata karaha zaidi. Maana yake ni kwamba nilikuuza kwa tofauti ndogo. Ningesema tu mbele ya wale wageni, "Tazameni, za mama yangu zimeshinda, na nitawaeleza kwa nini," wangeniona mtaalamu kuliko nilivyowahi kuonekana. Ujuzi wote ulikuwa kichwani mwangu. Jaribio lako lilikuwa ushahidi wa nilichosomea, na mimi nikaliona adui, kwa sababu lilisema tungule za mama yangu asiyesoma zina kitu kuliko nyanya za binti yake msomi.

Leo asubuhi nilianza kwa bibi yako. Alikuwa kibarazani anapaa samaki. Nikamwamkia, nikakaa kwenye ngazi, nikamwambia yote bila kupumzika. Akaendelea kupaa mpaka akammaliza samaki aliyekuwa mkononi.

"Ungeniambia kabla sijang'oa," akasema.

"Ndiyo, mama."

"Mbegu ile ilikuwa ya mama yangu. Sina nyingine."

Akachukua samaki wa pili. Nilikaa nikisubiri aseme kwamba yamepita, au anitukane. Hakunipa moja wala jingine. Nilipoinuka akauliza, bila kuinua macho, "Mtoto anajua?" Nikamjibu bado. Akasema, "Basi umekuja kwangu kwanza kwa sababu mimi ni rahisi." Nimetembea na maneno hayo tangu asubuhi. Ni kweli. Na kwa hiyo nikaenda kwa waliokuwa wagumu zaidi, kabla sijaja kwako.

Kikundi kilikuwa shambani kinapandikiza. Niliwaeleza wote kumi na mmoja, nimesimama kwenye tuta lilelile.

Mama Saumu alijishika kiuno. "Kumbe bibi shamba ulikuwa unatulisha maji."

"Nilikuwa nawalisha maji."

"Na yale makofi? Mimi nilipiga mpaka bangili ikakatika!"

"Nitakulipa bangili."

"Bangili peleka huko. Mwanao je? Yule mtoto tulimcheka." Akawageukia wenzake. "Tulimcheka au hatukumcheka?"

Mmoja alichukua jembe lake akaondoka bila kuaga. Mama Saumu akaniuliza, kwa sauti ya kazi tu, kama sasa ile mifuko ya urea waimwage. Nikamwambia hapana, mbolea haina kosa. Ni chakula, na chakula kina kipimo: kidogo, mapema, mimea ingali inakua, kisha samadi, majivu, majani ya chini yapunguzwe ila siyo yote, maana jua kali likilipiga tunda tupu litaliunguza, na tunda liachwe liwive mtini. Akasikiliza. Akasema, "Hilo ulilijua tangu lini?" Nikasema tangu chuoni. Akatikisa kichwa, akarudi kwenye miche yake. Hakunifukuza. Lakini kesho hataniita bibi shamba kwa sauti ile, na sitamlaumu.

Mwalimu Joeli nilimpigia simu. Nilimweleza yote. Kisha akasema, "Nilimcheka, Mama Zuhura. Mbele za watu. Nilikuwa na daftari mkononi lenye siku tatu, nikaamini dakika kumi." Akasema angeomba kuzungumza nawe. Nikamjibu kwamba hilo uamue wewe. Ofisi ya mradi nimewaandikia pia. Watafanya watakalofanya. Usilibebe hilo, ni mzigo wa kichwa changu.

Hutaniona nikilia leo, nimejikataza. Machozi yangu yangekufanya unifariji, na nimekwisha kukudanganya mara nyingi vya kutosha. Ukichukia, chukia sawasawa. Usiharakishe kunisamehe kwa sababu basi linaondoka alfajiri na watu husema mtu haendi safari na kinyongo. Nenda nacho. Ni chako, kitunze mpaka ukichoke mwenyewe. Mimi ni mtu mzima na nina nguvu za kuchukiwa.

Ila usiende na lile jingine. Usiende ukiamini kwamba jicho lako linaona vibaya, au mkono wako unatetemeka ukweli unapotakiwa. Mkono wako ulihesabu sawa mara tatu nyuma ya milango, na mbele ya watu ulihesabu sawa mara ya nne. Ulihesabu kilichokuwemo kwenye chupa. Hukuwahi kukosea hata tone moja.

Nimeuliza shuleni uendako. Wamesema wiki za mwanzo mkuu wa shule anaweza kumbadilishia mwanafunzi tahasusi, nafasi ikiwapo na alama zikiruhusu, na zako zinaruhusu. Lakini watataka sababu. Kwa hiyo pamoja na barua hii kuna nyingine, fupi, kwa mkuu wa shule. Ina jina langu kamili, kazi yangu, na nilichofanya, bila kupunguza. Sijaifunga bahasha. Isome kwanza.

Ukiona moyo wako uko kwenye historia, ichane, na nitafurahi kwa historia. Ukitaka kemia, ipeleke. Itapita mezani kwa watu usiowajua, na watajua wewe ni mtoto wa nani. Nimekaa nalo hilo mchana kutwa na nimelikubali. Nakuomba kitu kimoja tu: usiipeleke kwa kunilipiza, na usiichane kwa kunisitiri.

Mama yako,
Mwanahawa